Ngazi ya Jumanne

Cheka, cheka tu, lakini kwanza niambie: huko kazini kwenu hakuna kitu ambacho hakipo na kila mtu anakitumia? Haya, basi nyamaza unisikilize.

Kituo chetu cha zimamoto kilikuwa na watu wanne. Mwongozo wa viwango unataka watu tisa kwa zamu moja. Sisi tulikuwa wanne kwa zamu zote, na hapo umemhesabu na Kamanda, ambaye mgongo wake ulikuwa haumpi raha hata akiwa amelala. Tulikuwa na gari moja, pampu moja nzima na mipira mitatu ya maji, miwili ikiwa na viraka. Barakoa za moshi zilikuwa mbili. Muda wake ulikuwa umepita, kwa hiyo zilifungiwa kabatini kwa usalama wetu. Ngazi hatukuwa nayo. Ile ya zamani ilichukuliwa miaka sita nyuma kwenda kupimwa, na sijui ilikuwa inapimwa nini, maana haikurudi.

Na mimi ndiye niliyekuwa mpanda ngazi. Wenzangu waliniita Ngedere. Fikiria aibu yake: mpanda ngazi, ngazi hana. Siku niliyomwuliza Kamanda nifanye kazi gani, alinionyesha ratiba ukutani. Kila Jumanne, saa nne asubuhi, zoezi la ngazi. "Ratiba ni ratiba," akasema. "Imeandikwa zoezi. Haikuandikwa kwamba lazima ngazi iwepo. Tutafanya kama ipo."

Jumanne ya kwanza Dada wa Pampu, mwendesha pampu wetu, alicheka mpaka akakaa chini. Breki, dereva wetu, alicheka mpaka akapaliwa. Mwezi wa tatu hakuna aliyecheka tena. Tulikuwa tunaitoa kwenye kulabu zake ukutani, moja, mbili, inua! Tunaibeba begani mpaka kwenye mnara wa mazoezi, na tukifika kwenye geti Breki anapiga kelele, "Mkia! Angalieni mkia!" ili isigonge nguzo. Tunaisimamisha. Kamanda na Breki wanashika mguu wa ngazi, mimi nashika vipago, vile vijiti vya kukanyagia, nainua magoti hapohapo chini, kushoto, kulia, kushoto, mpaka filimbi ilie. Ikilia tu nachomoka, naingia mlangoni mwa mnara, napanda vidato vya zege mbio mpaka dirisha la ghorofa ya tatu, natoa kichwa, napunga mkono. Sekunde kumi na nane. Halafu tunaishusha, tunaipangusa na kuitundika.

Usidhani ilikuwa mchezo. Breki aliwahi kutundika taulo lake kwenye zile kulabu, Kamanda akamwandikia barua ya onyo. Dada wa Pampu alininyima salamu siku mbili nzima, akidai nimemwangushia ngazi kwenye kidole cha mguu. Nilimwomba radhi. Kidole chenyewe kilikuwa kimevimba kweli, mpaka leo sijui kwa nini.

Sasa sikia kinachoniuma. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo, kuna jengo la ghorofa nne, na mama yangu alikuwa anakaa ghorofa ya tatu. Chini kabisa kuna duka la magodoro ya sponji, yamepangwa mpaka darini. Vidato viko katikati ya jengo, njia moja tu, nyembamba, inayovuta moshi kama bomba la jikoni. Mama magoti yake yamekwisha, akishuka kwenda kwa daktari inachukua robo saa na ugomvi. Mimi ni mtu wa zimamoto. Najua sponji likishika moto linafanya nini. Kila nikipita mbele ya lile duka nanusa kwanza. Miaka sita nimeandika barua za kuomba ngazi, na nisikudanganye, sikuwa naombea kituo. Nilikuwa namwombea mama.

Unauliza kwa nini sikumhamisha? Mhamishe wewe. Nilimsihi mpaka nikachoka. "Chini kuna panya na wezi," aliniambia. "Na nihame nini, mwanangu, wakati ngazi yenu naiona kwa macho yangu?"

Ndiyo, aliiona. Kila Jumanne mama alikuwa anakaa roshani na kikombe chake cha chai kututazama. Macho yake yana mtoto wa jicho, watu anawaona kama vivuli. Anamwona mwanawe chini akiinua magoti, halafu anamwona mwanawe juu akipunga mkono. Katikati hapo moyo wake ulijaza wenyewe. Na alikuwa anasimulia jengo zima: mwanangu anapanda ngazi kuliko paka. Mara ya kwanza aliponisifu mbele ya majirani nilitaka kumwambia ukweli. Naapa nilitaka. Lakini jamani, mama yako anakusifu, watu wanakutazama, wewe utafungua mdomo useme nini? Nikanyamaza. Jumanne iliyofuata ikawa ngumu zaidi kusema, na iliyofuata ngumu zaidi ya hiyo.

Basi ikatangazwa kwamba Mkaguzi wa viwango anakuja kutoka makao makuu. Kamanda akaitisha kikao cha maandalizi, mezani, na daftari la kumbukumbu. Shida ya kwanza ikawa watumishi. Mwongozo unasema ngazi ya urefu ule ishikwe na watu watano. Sisi wanne, na mmoja hawezi kuiacha pampu.

"Kamanda," akasema Dada wa Pampu, "ngazi yenyewe si haipo? Basi na wa kuishika nao wasiwepo. Andika watano, yaishe."

Kamanda akavua miwani. "Dada, wafanyakazi hewa ni kosa la jinai."

"Na ngazi hewa je?"

"Ngazi hewa ni mazoezi."

Breki, ambaye hana tabia ya kufikiri lakini siku hiyo alifikiri, akasema ngazi fupi inaruhusiwa kushikwa na watu watatu. Tuipunguze basi. Tuikate mita mbili tu, tutakuwa ndani ya viwango. Kamanda akaipenda hiyo, akaanza kuandika. Hapo damu ikanipanda. Nilipiga meza mpaka kalamu ikaruka. "Mkiikata mita mbili haifiki ghorofa ya tatu! Mna akili nyinyi? Nani atamshusha mama yangu?"

Walijua mama yangu anakaa wapi. Kamanda akafuta alichoandika, akasema kwa upole kwamba ngazi itabaki na urefu wake. Dada wa Pampu akanishika bega. Nilitoka pale nimeshinda, kifua mbele, na nilikuwa nimeshavuka barabara ndipo nikajiuliza nilikuwa napigania nini hasa.

Nikakata shauri. Mkaguzi akija nitamwambia mbele ya wote: ngazi hatuna. Akishaandika kwamba hatuna, makao makuu watalazimika kuleta. Kamanda alikuwa anaogopa kituo kufungwa, na hofu yake ilikuwa na haki, maana kituo kingine kiko mwendo wa saa nzima. Lakini mimi mambo ya kituo niliyaweka kando. Nilimweleza Dada wa Pampu, akasema, "Sema, kaka. Ukisema wewe, na mimi nasema."

Mkaguzi alifika Jumanne. Mtu mfupi, viatu vinang'aa, ubao wa karatasi kifuani muda wote. Alihesabu mipira, akahesabu viraka, akaziona barakoa kabatini na kutupongeza kwa kufuli. Halafu akasema, "Tuone ngazi."

Nilikuwa nimepanga kufanya vibaya. Nilipanga nijikwae, nisimame katikati, nimwachie mwenyewe aone kwamba hakuna kitu. Lakini nilitupa jicho roshani, nikamwona mama amekaa na majirani watatu, amewaita waje wamwone mwanawe akikaguliwa. Mcheza kwao hutunzwa. Filimbi ilipolia magoti yalijiinua yenyewe. Nilipanda siku ile, ndugu yangu, sijapata kupanda vile. Sekunde kumi na sita! Kule roshani wakapiga vigelegele. Mkaguzi naye akapiga makofi, ubao ameubana kwapani.

Tukarudi mezani. Fomu yake ilikuwa na mstari mmoja kuhusu ngazi. *Hali ya ngazi: nzuri, ya kuridhisha, mbovu.* Basi. *Haipo* haikuwepo.

"Mimi si kipofu," akasema Mkaguzi. "Lakini sikutumwa kutunga fomu, nimetumwa kuijaza. Niandike mbovu?"

"Ukiandika mbovu inakuwaje?" Kamanda akauliza.

"Kifaa kibovu lazima kiteketezwe mbele ya mashahidi wawili, na mabaki yapigwe picha. Kituo kinafungwa mpaka picha zifike."

Tukakaa tunawaza picha hizo zitapigwaje. Mkaguzi akanigeukia. "Wewe ndiye unayeipanda. Hebu sema mwenyewe, ina tatizo gani?"

Ndiyo hapo. Dada wa Pampu ananitazama, ameshavuta pumzi tayari kuniunga mkono. Jasho la sekunde kumi na sita bado linanichuruzika, na kule ng'ambo nawasikia majirani wanampongeza mama. Nikafungua mdomo, na unajua nilisema nini? Nikasema, "Kipago cha juu kinateleza kidogo, afande. Zaidi ya hapo haina neno."

Akaandika *nzuri*. Dada wa Pampu aliachia pumzi yake, akaondoka mezani bila kuniangalia. Wiki moja baadaye barua ikaja: kwa kuwa kituo kina ngazi nzuri, maombi yote ya ngazi yamefungwa. Nilijipalia makaa mwenyewe, tena kwa mikono miwili.

Haikupita wiki ya pili. Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Harufu niliisikia kabla ya kengele, na nikajua ni sponji. Nilipotoka nje lile duka lilikuwa limefumuka, moshi mweusi unatoka mlangoni kwa mafungu. Barabara yenyewe ni hatua ishirini, lakini Breki alikuwa anatafuta kalamu, gari haliruhusiwi kutoka bila fomu ya safari. Dada wa Pampu hakumngoja mtu. Aliwasha pampu palepale uani, akauburuta mpira kuvuka barabara peke yake huku akitutukana wote kwa zamu. Watu wa ghorofa ya kwanza na ya pili walikuwa wanashuka mbio, wanakohoa, viatu mkononi. Halafu vidato vikajaa moshi na hakuna aliyeshuka tena.

Nikainua macho. Mama alikuwa roshani, ameshika ukingo.

"Ngazi!" akapiga kelele Kamanda.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, uniamini usiniamini. Tukageuka watatu sisi, tukakimbia ukutani, tukaitoa kwenye kulabu. Moja, mbili, inua. Tukaibeba begani kuelekea barabarani. Getini Breki akapiga kelele, "Mkia!" na umati mzima ukainama. Tukaisimamisha ukutani chini ya roshani ya mama. Kamanda na Breki wakashika mguu wa ngazi, wakaukaza. Mimi nikashika vipago, goti la kushoto likapanda, na ndipo nikazinduka. Mikono yangu ilikuwa imeshika hewa na mama yangu alikuwa anaungua.

"Usijisumbue kupanda, mwanangu!" mama akaita kutoka juu. "Nimeshaiona! Nashuka mwenyewe!"

Akaupitisha mguu mmoja nje ya ukingo. Ndala ikamtoka, ikaanguka karibu nami. Kidole gumba cha mguu wake kikawa kinatafutatafuta pale chini, kinatafuta kipago cha juu.

"Mama, rudi! Hakuna ngazi!"

"Ipo! Nimeiona ikiletwa!"

"Ngedere, punguza sauti," Kamanda akaninong'oneza. "Imeandikwa nzuri."

Nilimtukana Kamanda tusi ambalo sitalirudia hapa. Halafu nikapaza sauti ya mwisho niliyokuwa nayo. "Hakuna, mama! Haijawahi kuwepo! Miaka sita nakudanganya! Napanda kwa vidato vya ndani, halafu nakupungia!"

Kile kidole kikasimama. Sijui kilisimama muda gani. Kisha mguu ukarudi ndani, taratibu.

"Achieni!" nikawaambia Kamanda na Breki. Wakaachia, na watu waliosimama nyuma yetu wakaruka pembeni, wakaacha nafasi ndefu barabarani ili ngazi isiwaangukie.

Nilivua shati, nikalilowesha kwenye mpira wa Dada wa Pampu, nikajifunga puani na kuingia. Ndani sikuona hata mkono wangu. Nilipanda nikihesabu vidato, bega likiambaa na ukuta, na nikamkuta mama roshani amekaa chini, amejifunika kanga kichwani. Nikambeba mgongoni. Alinishika shingo kwa nguvu, lakini hakuniita mwanangu, hakuniita chochote. Tukatoka nje macho yakitiririka, nikamlaza karibu na pampu, Dada akammwagia maji usoni.

Nikapiga magoti nikaanza kumpepea kwa kofia yangu. "Mama, nisamehe. Nisamehe, mama."

Akakohoa, akatema, akaisukuma ile kofia. "Usinipepee mimi. Kuna watu ghorofa ya nne."

"Hawajashuka?"

"Walitaka kushuka. Moshi ulipokuwa mdogo, Mama Pacha alikuwa ameshafika mlangoni na watoto. Nikamwita kutoka roshani, nikamwambia asihangaike. Nikamwambia mngoje hapohapo, mwanangu analeta ngazi."

Nilitazama juu. Roshani ya ghorofa ya nne walikuwa wamejipanga mstari. Mbele mzee mmoja, baba yake Mama Pacha, amevaa koti kabisa kama anayekwenda safari. Nyuma yake Mama Pacha mwenyewe, kisha pacha wake wawili na mikoba ya shule mgongoni, na mwisho mumewe na redio kwapani. Hakuna aliyekuwa anasukumana. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni nyuma yao na wao wametulia, wanangoja zamu.

"Mmoja mmoja!" Kamanda akaita, maskini, kwa mazoea tu. "Wazee kwanza!"

Mzee akainua mguu.

"Hakuna ngazi!" nikapiga kelele. "Mzee, hakuna ngazi!"

"Usiwe na hofu, kaka!" akanijibu Mama Pacha. "Mama yako ametueleza kila kitu!"

"Mwambieni aishike vizuri tu," akasema mzee.

Niliita tena, nikaita tena, sauti imekauka. Walinipungia mkono. Ningewaambia nini mimi waniamini, wakati miaka sita nimewaonyesha? Nikamgeukia mama, na yeye alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Akamshika Dada wa Pampu bega, akainuka kwa yale magoti yake, akasimama katikati ya barabara mguu mmoja peku. Mtaa mzima ulikuwa pale. Wale majirani watatu aliowaita siku ya ukaguzi nao walikuwa pale.

"Mama Pacha!" mama akaita. "Hakuna ngazi! Mwanangu alinidanganya! Baba, rudisha mguu! Laleni chini kifudifudi, anakuja!"

Sikungoja kuona. Nilishika shati langu, nikaingia, na nyuma yangu nikasikia mtu mwingine anapanda anaguna kwa maumivu ya mgongo. Alikuwa Kamanda, amenishika mkanda ili tusipotezane. Mama hakunyamaza. Nilimsikia nikiwa ghorofa ya kwanza, nikamsikia nikiwa ya pili, sauti inapasuka, anakohoa, anaanza upya. Angeweza kusema watu wa zimamoto wamekosea, au wametudanganya, asinitaje mimi. Hakubadilisha hata neno moja. Hakuna ngazi, mwanangu alinidanganya. Hakuna ngazi, mwanangu alinidanganya.

Tuliwakuta wote watano wamelala kifudifudi kwenye sakafu ya roshani, mzee na koti lake, watoto katikati. Mama Pacha akainua kichwa, akanitazama machoni.

"Wewe ndiye yule mwanawe?" akauliza.

Nikamwambia, "Ndiye mimi."